Bangi kwa mchezaji wa kulipwa: kumfungia, kumtoza faini, kumtibu au kumwachia?

Kipengele cha mkataba kisemacho "mchezaji atakayebainika kutumia dawa za kulevya atachukuliwa hatua kali" huandikwa kwa dakika moja na huleta ugomvi wa msimu mzima. Atabainika kwa kipimo gani, kilichochukuliwa siku gani, na nani? Hatua kali ni ipi: kufungiwa, kukatwa mshahara au kuvunjiwa mkataba? Kwa bangi maswali haya ni magumu zaidi, kwa sababu alama yake hubaki mwilini muda mrefu baada ya ulevi wenyewe kwisha.

Ligi kubwa duniani zimejibu kwa njia nne. Tunaziweka bega kwa bega kwa macho ya klabu ya Dar es Salaam inayoandaa mikataba, daktari wa timu anayeulizwa "tufanye nini na huyu kijana", na mchezaji anayesoma karatasi kabla ya kuweka sahihi. Msimamo wetu tuuseme mapema: mchezaji aliyefika kazini amelewa anastahili adhabu. Ambaye mkojo wake unaonyesha tu kwamba alivuta wiki mbili zilizopita, kumwadhibu ni kumwonea.

Yasiyo mikononi mwa klabu

TFF ni mwanachama wa FIFA na CAF, na FIFA imesaini kanuni za WADA, shirika la dunia la kupambana na dawa zisizoruhusiwa michezoni. Kwa hiyo bangi siku ya mechi imekatazwa, na hakuna klabu wala bodi ya ligi hapa nchini inayoweza kuamka asubuhi ikaliondoa katazo hilo. Timu inayokwenda Ligi ya Mabingwa Afrika au Kombe la Shirikisho hupimwa kwa kanuni hizo hizo, iwe inacheza Uwanja wa Mkapa au ugenini.

Pili, bangi ni kosa la jinai Tanzania chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015. Misokoto ikikutwa chini ya godoro kambini, hilo si suala la kamati ya nidhamu ya klabu peke yake.

Kinachobaki mikononi mwa klabu ni kikubwa bado: ipime wachezaji wake au isipime, kwa kipimo gani, matokeo yaende kwa nani, na mkataba useme nini akipatikana mtu. Ni katika mambo hayo ndipo ulinganisho huu una maana.

Njia ya kwanza: kumfungia

Hii ndiyo ya WADA, na ndiyo inayoeleweka vibaya zaidi vijiweni. Wengi hudhani bangi imekatazwa mwaka mzima. Kikanuni THC, kilevi kilichomo ndani ya bangi, imekatazwa kipindi cha mashindano tu. Kipindi hicho huanza saa 5:59 usiku wa kuamkia siku ya mechi na kwisha baada ya mechi na zoezi la kuchukua sampuli. Mechi ikiwa Jumamosi saa 10 jioni, katazo linaanza Ijumaa usiku.

Mtego uko hapa. Maabara haitafuti moshi wa Ijumaa usiku. Inapima kwenye mkojo mabaki ya THC baada ya mwili kuivunjavunja. THC hujificha kwenye mafuta ya mwili na kutoka kidogo kidogo. Anayevuta mara moja moja huweza kubaki na alama siku tatu nne. Anayevuta kila siku hukaa nayo wiki kadhaa, hata mwezi. Ndiyo maana mwaka 2013 WADA ilipandisha kiwango kutoka nanogramu 15 hadi 150 kwa mililita moja ya mkojo, ili kanuni imnase aliyevuta karibu na mechi na kumwacha aliyevuta zamani au aliyekaa karibu na wavutaji. Maabara hutoa taarifa ya kosa pale tu kipimo kinapozidi 180, kwa kuwa kila mashine ina nafasi yake ya kukosea. Hata hivyo mvutaji wa kila siku anaweza kuvuka 180 bila kuvuta kitu siku ya mechi. Kwa sababu hiyo hatuwezi kumpa mchezaji yeyote hesabu ya "siku salama" za kuacha kabla ya mechi. Hakuna.

Adhabu yenyewe ilibadilika mwaka 2021. Mchezaji akithibitisha kwamba alitumia nje ya mashindano na si kwa ajili ya kuongeza uwezo uwanjani, anafungiwa miezi 3. Akikamilisha mpango wa tiba uliokubaliwa, inashuka hadi mwezi 1. Angalia neno "akithibitisha": mzigo uko begani mwake. Akishindwa, adhabu inaweza kufika miaka 2 au zaidi.

Kwa ligi ya timu 16 yenye mechi 30, miezi 3 ni mechi tisa au kumi hivi. Na si mechi tu. Aliyefungiwa haruhusiwi hata kufanya mazoezi na timu, isipokuwa sehemu ya mwisho ya adhabu: kwa miezi 3, ni kama wiki tatu za mwisho. Klabu inayomwachia "ajifue kidogo na wenzake" kabla ya hapo inamletea kosa jipya.

Mfano unaokumbukwa ni wa mwanariadha Sha'Carri Richardson wa Marekani. Juni 2021 alishinda mita 100 katika mchujo wa Olimpiki huko Eugene, Oregon, kwa sekunde 10.86. Alikuwa ametumia bangi baada ya kupata habari za kifo cha mama yake mzazi, katika jimbo ambalo sheria inairuhusu kwa mtu mzima. Alifungiwa mwezi mmoja tu, na mwezi ulikwisha kabla ya mbio za Tokyo. Lakini matokeo yake ya mchujo yalifutwa, na nafasi ya mita 100 ikaenda na matokeo hayo. Kwa hiyo anayesema "mwezi mmoja si kitu" aangalie mwezi huo umeangukia wapi kwenye kalenda.

Baada ya kelele za mwaka ule WADA iliipitia upya bangi, na Septemba 2022 ikaamua ibaki kwenye orodha. Ili kitu kiorodheshwe kinatakiwa kutimiza vigezo viwili kati ya vitatu: kuongeza uwezo, kuhatarisha afya, kwenda kinyume cha maadili ya michezo. Bangi iliachwa kwa viwili vya mwisho. Hoja ya kuongeza uwezo haina miguu. Anayevuta kabla ya mazoezi mazito huchoka mapema na mapigo ya moyo hupanda bila faida. Ya maadili ndiyo inayotukwaza. Pombe haimo kwenye orodha. Mchezaji aliyelewa Sinza Ijumaa usiku na kucheza Jumamosi miguu ikiwa mizito hafungiwi hata siku moja na WADA. Aliyevuta siku kadhaa kabla anaweza kupoteza karibu theluthi ya msimu. Kama kigezo ni kuwa mfano kwa watoto, hatuoni kwa nini chupa ipite na msokoto usipite.

Tuitendee haki njia hii: utaratibu wake ni safi kuliko wowote ambao klabu inaweza kujitungia. Sampuli ni mililita 90 angalau, zinagawanywa chupa A na B mbele ya mchezaji, naye ana haki ya kuomba chupa B ifunguliwe na kusikilizwa kabla ya hukumu. Jambo moja mameneja wanapaswa kulihubiri kila wiki: mchezaji akiitwa chumba cha vipimo asiondoke. Kwenye joto la Dar mtu aliyecheza dakika 90 anaweza kukaa saa mbili bila kupata mkojo wa kutosha, basi la timu linapiga honi, na mtu mwingine anamwambia "twende". Akiondoka ni kosa la kukwepa kipimo, na adhabu yake ya kawaida ni miaka 4. Kijana anayekimbia miezi 3 huangukia miaka minne. Kunywa maji kupita kiasi nako hakusaidii: mkojo ukiwa mwepesi mno afisa anaukataa na kumweka hapo hadi utoke mzito.

Tusisahau mirungi. Vilevi vyake, kathinoni na kathini, navyo vimekatazwa siku ya mashindano. Kenya mirungi ni halali na huuzwa wazi. Hapa ni haramu. Mchezaji aliyekwenda mapumziko Mombasa akarudi na mirungi mdomoni ana makosa mawili kwa mpigo.

Njia ya pili: faini

NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ilikuwa kali kuliko zote. Watu walipoteza misimu mizima. Mkataba wa mwaka 2020 kati ya ligi na chama cha wachezaji ulifuta kufungiwa kwa sababu ya kipimo cha bangi peke yake, ukapandisha kiwango kutoka nanogramu 35 hadi 150, na kubana muda wa kupima uwe mwanzoni mwa kambi ya maandalizi. Desemba 2024 kiwango kikapanda tena hadi 350. Kilichobaki ni faini.

Uzuri wa faini ni kwamba mchezaji anabaki uwanjani na timu haidhoofiki. Ubaya wake unaonekana haraka kwenye kikosi chenye mishahara iliyotofautiana sana. Faini ya shilingi milioni moja ni kelele tu kwa mshambuliaji aliyesajiliwa kutoka nje, lakini ni chakula cha miezi miwili kwa beki chipukizi anayelipwa laki tano. Ukiiweka kwa asilimia ya mshahara unapunguza uonevu huo, ila bado hujamsaidia mwenye tatizo. Na fedha ikibaki klabuni, kiongozi anapata sababu ya kupenda vipimo vingi. Ukiamua faini, andika kwenye mkataba kwamba itakwenda mfuko wa tiba wa wachezaji, na anayeusimamia asiwe mweka hazina wa klabu.

Njia ya tatu: tiba kwanza

MLB, ligi ya besiboli, ilibadili msimamo Desemba 2019, miezi mitano baada ya mchezaji Tyler Skaggs wa Los Angeles Angels kufariki akiwa na dawa za jamii ya afyuni mwilini. Ligi iliona hatari iko wapi: ikaanza kupima afyuni na kokeini, na bangi ikaanza kushughulikiwa kama pombe. Yaani hakuna adhabu kwa kipimo; kuna tathmini ya daktari na tiba kwa anayehitaji, na adhabu kwa anayefika kazini amelewa. NHL, ligi ya hoki ya barafu, hupima lakini haimwadhibu mtu kwa bangi. Kiwango kikiwa juu kupita kawaida, madaktari wa mpango wa tiba ndio wanaomtafuta mchezaji.

Kwa mazingira ya Dar hii ndiyo njia tunayoitetea, kwa sababu mbili. Mchezaji anayejua kwamba kusema ukweli hakutamfukuzisha atamwambia daktari mapema, kabla chupa ya CAF haijasema. Na ukali dhidi ya bangi huwasukuma watu kwenye vitu vibaya zaidi: pombe kali, au tramadol ya kutuliza maumivu, ambayo nayo tangu Januari 2024 imekatazwa na WADA siku ya mashindano na inazoesha mwili kwa kasi.

Lakini tiba iwe tiba. Kosa la kwanza ni kumpeleka kijana wa bangi kliniki ya methadoni. Methadoni, inayotolewa Muhimbili tangu 2011 na baadaye Mwananyamala na Temeke, ni kwa waraibu wa heroini. Haina kazi kwenye bangi. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa kwa uraibu wa bangi. Kinachofanya kazi ni ushauri nasaha wa mfululizo, mara moja kwa wiki kwa miezi miwili mitatu, na mtaalamu wa afya ya akili asiyekula mshahara wa klabu. Kosa la pili ni la benchi la ufundi. Anayeacha baada ya kuvuta kila siku hukosa usingizi, hukasirika ovyo na hukosa hamu ya kula kuanzia siku ya kwanza au ya pili. Wiki ya kwanza ndiyo mbaya zaidi, na mengi hupungua ndani ya wiki mbili. Kocha asiyejua atasema "huyu amekuwa mtovu wa nidhamu" na kumtoa kikosini wakati ule ule anaopambana.

Njia ya nne: kumwachia

NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, ilikuwa na ngazi: kosa la kwanza mpango wa ushauri, la pili faini ya dola 25,000, la tatu kukosa mechi 5. Vipimo vilisimamishwa mwaka 2020 wakati wa korona, na mkataba wa 2023 ukaiondoa bangi kwenye orodha. Klabu bado inaweza kumpeleka kwa wataalamu mchezaji anayeonekana amelewa kazini au ana uraibu. Bangi ya kutengenezwa kwa kemikali haikuachiwa.

Hapa kwetu njia hii imefungwa na sheria ya nchi, kwa hiyo hatuirefushi. Ina somo moja tu la kuchukua: mchezaji wa NBA akivaa jezi ya taifa kwenda Olimpiki anarudi chini ya WADA. Vivyo hivyo kwa mchezaji aliyesajiliwa Dar kutoka Afrika Kusini, ambako tangu 2018 mtu mzima haadhibiwi kwa kuvuta faraghani. Aambiwe siku ya kusaini, kwa lugha anayoielewa, kwamba hapa si kule.

Kijiti cha famasi ni mtego

Klabu nyingine hufikiri itajikinga kwa kununua vijiti vya kupimia mkojo na kuwapima wachezaji kambini. Hapa ndipo mambo huharibika.

Kijiti cha dawa za kulevya husomwa kinyume na cha malaria. Kwenye malaria mistari miwili ni "anao". Kwenye kijiti cha bangi mistari miwili ni "hana", hata kama wa pili umefifia. Mstari mmoja wa juu peke yake ndio "anayo". Msaidizi aliyezoea kile cha malaria anaweza kumtia hatiani msafi na kumsafisha mvutaji kwa dakika tano.

Vijiti vingi vimewekwa nanogramu 50, theluthi ya kiwango cha WADA. Unaweza kumfukuza mtu kwa kosa ambalo CAF yenyewe isingeliona. Kuna dawa pia zinazokidanganya. Efavirenz, iliyotumika miaka mingi nchini kufubaza VVU kabla ya dolutegravir kuchukua nafasi yake, huweza kuvifanya baadhi ya vijiti vionyeshe bangi kwa mtu ambaye hajawahi kuigusa. Pantoprazole ya vidonda vya tumbo nayo ina tahadhari hiyo. Fikiria mchezaji anayelazimika kujitetea mbele ya kamati ya watu saba kwa kutaja dawa anazotumia. Taarifa za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na kiongozi anayezipeleka kwenye kundi la WhatsApp anajitafutia kesi.

Jibu la kijiti ni dalili tu mpaka lithibitishwe kwa mashine maabara. Maabara zenye ithibati ya WADA ni kama 30 duniani na hapa nchini hakuna. Kama klabu haina fedha ya uthibitisho wala mtu wa kulinda sampuli tangu inatoka hadi inafika, ushauri wetu ni isipime kabisa.

Nani achague ipi

Klabu inayocheza mashindano ya Afrika: acha kufungia kuwe kazi ya WADA, usiongeze adhabu yako juu yake, na mkataba wako ufuate njia ya tatu. Usikate tu mshahara; sema wazi kama utalipwa nusu, au hautalipwa, kipindi cha kufungiwa, maana hapo ndipo kesi nyingi huanzia.

Kituo cha vijana: tiba, mzazi ahusishwe, faini isiwepo kabisa. Ubongo wa kijana wa miaka 16 au 17 unaendelea kukua, na bangi ya kila siku katika umri huo huharibu kumbukumbu na kuongeza hatari ya ugonjwa wa akili. Hapa tunakuwa wakali kwa bangi yenyewe kuliko kwa mtoto.

Gym za ngumi ni habari nyingine. Huko Marekani, Kamisheni ya Michezo ya jimbo la Nevada iliacha Julai 2021 kuwaadhibu wapiganaji kwa kipimo cha bangi. Tunakubali, kwa sharti moja lisilolegezwa: bondia anayeonekana amelewa siku ya pambano asipande ulingoni, kipimo kiwepo kisiwepo. Aliyechelewa sehemu ya sekunde kuinua mkono anapokea ngumi nzima kichwani. Daktari wa ulingo amwangalie macho, amtembeze kwa kunyoosha mstari, asimame mguu mmoja, ajibu maswali matatu. Akishindwa, pambano linafutwa, na promota asiwe na kauli.

Kwa klabu, kipengele tungekiandika hivi: "Mchezaji atakayefika mazoezini au kwenye mechi akiwa amelewa bangi au pombe, kwa ushahidi wa daktari na shahidi mmoja, ataondolewa siku hiyo na kufanyiwa tathmini ndani ya siku 7. Mara ya kwanza ni tiba kwa gharama ya klabu. Mara ya pili ndani ya miezi 12, asilimia 10 ya mshahara wa mwezi huo itakwenda mfuko wa tiba. Mara ya tatu, au akikataa tiba, shauri litapelekwa kamati ya nidhamu naye asikilizwe. Mchezaji anayejitokeza mwenyewe kuomba msaada hataadhibiwa." Faili la tathmini likae kwa daktari, ndani ya kabati lenye ufunguo mmoja, kocha aambiwe mambo mawili tu, kama mchezaji yuko fiti na lini atarudi.